Ukifika Ghazali Usiokote Kitu

Kaskazini mwa Sudan Mto Nile unajipinda, unarudi kusini ulikotoka, kisha unageuka tena kuendelea na safari yake ya kwenda Misri. Ndani ya mpindo huo kuna jangwa la Bayuda, na ndani ya Bayuda kuna bonde kavu liitwalo Wadi Abu Dom. Humo bondeni, kilomita kama 15 kutoka mtoni, si mbali na mji wa Merowe, kuta za kanisa la mawe bado zimesimama. Pembeni mwake kuna vyumba, nyua, ukuta wa kuzungushia na makaburi. Ni mahame ya watawa. Walianza kukaa pale katika nusu ya pili ya karne ya 7, chini ya wafalme Wakristo wa Makuria, mmojawapo wa falme za Nubia, na nyumba yao ikadumu hadi karne ya 13. Leo mahali hapo panaitwa Ghazali.

Masharti haya nimewaandikia wanafunzi wa akiolojia, wanakwaya wanaochangishana nauli za hija, waongoza watalii, wahubiri, na yeyote ambaye jina la Ghazali amelisikia leo kwa mara ya kwanza. Sitambembeleza mtu. Nimekulia jirani na magofu ya pwani yetu. Nimeona watu wazima wakichonga majina ya wachumba wao kwenye lipu iliyopakwa kabla babu za babu zao hawajazaliwa, na wengine wakibeba mawe ya kuta za kale kwenda kujengea choo. Hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa wameambiwa.

Usiende sasa

Sudan iliingia vitani tarehe 15 Aprili 2023. Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum, nyumba iliyopewa kutunza sehemu ya michoro ya kanisa kuu la Faras iliyookolewa miaka ya 1960 kabla maji ya Bwawa Kuu la Aswan hayajafunika eneo lile, yameporwa. Watu waliokuwa wakilinda mambo ya kale ya nchi ile wametawanyika, wengine ni wakimbizi katika miji yetu. Maadamu risasi zinalia, usimtafute dalali wa kukupenyeza mpakani ili ukapige picha. Atakayekupeleka ataacha familia yake kwa ajili ya fedha yako. Subiri. Na wakati ukisubiri, masharti yote yanayofuata yana kazi hapa hapa ulipo, kwa sababu gofu la Kilwa, la Gedi au la Kaole linauawa kwa njia zile zile.

Usiokote kitu

Hili ndilo sharti la kwanza kwa uzito, na kama utasahau mengine yote, shika hili. Usiokote kigae, wala ushanga, wala kipande cha tofali, wala jiwe lenye herufi. Usiokote hata ili ukiweke mahali salama. Usiokote hata kama mwongozaji wako anakwambia, “Chukua, viko vingi.”

Nitaeleza kwa nini, maana mtu mzima akikatazwa bila sababu ataokota giza likiingia.

Kigae chenye ukubwa wa kiganja kikilala kwenye majivu ya jiko kinasema jambo moja. Kigae hicho hicho kikilala chini ya sakafu ya kanisa kinasema jambo jingine kabisa: kwamba chungu kilivunjika kabla sakafu haijawekwa, kwa hiyo sakafu ni changa kuliko chungu. Mtaalamu anayejua chungu kilifinyangwa karne gani sasa anaweza kukadiria umri wa sakafu. Ushahidi wote umo katika kulala kwake. Ukishakitia mfukoni, hata kama utakipenda na kukiosha na kukiweka kwenye kabati la vioo, hakuna mtu duniani atakayeweza tena kukiuliza swali hilo. Umekinyamazisha. Vigae vya Ghazali, tena, vingine vimekwaruzwa majina ya watu na alama za imani yao. Unaweza kuwa umebeba jina la mtu aliyekunywa maji katika kikombe kile miaka 1,000 iliyopita, ukalitupa siku ya kuhama nyumba.

Mawe ya makaburi yamepatwa na haya. Watawa wa Ghazali waliwaandikia marehemu wao sala kwenye mawe na vibao vya udongo wa kuchoma, kwa Kigiriki na kwa Kikopti. Mwaka 1844 msafara wa Prussia ulioongozwa na Karl Richard Lepsius ulipita bondeni, na baadhi ya mawe hayo yakachukuliwa kwenda Berlin. Mwaka huo huo wa 1844 Johann Ludwig Krapf alishuka Mombasa kuanza kazi ya umisheni. Shuleni tulifundishwa tarehe ya Krapf. Hatukufundishwa kwamba wakati yeye anajifunza Kiswahili cha Mvita, mawe ya kanisa la Kiafrika lililokuwa limenyamaza karibu karne sita yalikuwa yakifungwa kwenye mizigo ya ngamia na mashua. Jiwe likishaondolewa juu ya kaburi, jina la marehemu linabaki upande mmoja na mifupa yake upande mwingine, na hakuna wa kuviunganisha tena. Lepsius alikuwa msomi mkubwa, na alinakili maandishi kwa uangalifu. Hasara ilikuwa ile ile.

Usiokote pia mavi ya chuma. Nawataja hasa wanafunzi, maana nawajua: mtu ataacha kigae lakini atatia mfukoni donge jeusi akidhani ni jiwe tu. Karibu na monasteri watu waliyeyusha chuma, na madonge hayo ndiyo yanayoonyesha tanuri zilikuwa wapi na moto wake ulikuwa na nguvu gani.

Usichimbe, wala usimsaidie anayechimba

Kwetu Tanzania kuna ugonjwa unaoitwa mali ya Mjerumani. Mtu akiona mti mkubwa kando ya boma la zamani, au jiwe lenye mkwaruzo, anaota sanduku la dhahabu, anamwita mganga, anachimba usiku. Nimeona mashimo hayo. Sudan ugonjwa wake ni dhahabu yenyewe, na vifaa vya kutafutia madini vimeingia mikononi mwa kila mtu. Mwaka 2020, katika jangwa hili hili la Bayuda, watafuta dhahabu waliingiza mashine za kuchimbia kwenye eneo la kale la Jabal Maragha, wakatoboa handaki lenye kina cha mita 17 na urefu wa mita 20. Eneo lililokuwa limedumu miaka kama 2,000 lilifutika. Waliokamatwa waliachiliwa.

Watawa hawakuzika dhahabu. Chini ya sakafu ya kanisa kuna udongo, na chini ya makaburi kuna watu. Anayekwambia kwamba ramani ya mali imefichwa katika herufi za Kigiriki anakuibia, na ukimpa nauli unaiba naye.

Usipande ukutani, usifagie mchanga, usilete saruji

Kanisa kubwa la Ghazali, lile la kaskazini, limejengwa kwa mawe ya kuchongwa chini na matofali ya kuchoma juu. Ukikanyaga juu ya ukuta ili upate picha inayoonyesha jangwa lote, tofali lililolegea linatoka, na upepo wa mwaka mmoja unamaliza ulichoanza. Kaa chini. Picha ya ukuta ukiwa umesimama chini yake inaonyesha vizuri zaidi jinsi ulivyo mrefu.

Mchanga si uchafu. Kwa matofali mabichi ya vyumba vya watawa, mchanga ndio shuka, na wachimbaji wenye akili hufukia tena sehemu walizokwisha kuzipima ili zisiliwe na upepo na mvua. Mvua ya Bayuda ni adimu, lakini ikija inakuja kwa hasira, na tofali bichi linayeyuka. Usifagie ili kuona kilichopo chini. Usimwagie maji mchoro au maandishi ili rangi zing'ae kwenye simu. Rangi itang'ara dakika tano, kisha chumvi iliyomo ukutani itatoka na maji, na itaondoka na ngozi ya ukuta.

Kuhusu saruji nazungumza na wafadhili, hasa makanisa yenye nia njema yanayotaka kukarabati. Msilete saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, jiwe na tofali la kale haviwezi kupumua, na baada ya miaka uso wa ukuta unabanduka pamoja na saruji yenu. Kuta za matumbawe za Kilwa zinataka chokaa. Matofali mabichi ya Nubia yanataka udongo wa aina yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 zikawekwa miongoni mwa zilizo hatarini, na zikatoka katika hatari hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya mikono. Waulizeni mafundi wa Kilwa kuhusu chokaa kabla hamjamuuliza mwenye duka.

Na kama unashangaa kwa nini ninaitaja Kilwa kila mara, kuna mtu anayeunganisha sehemu hizi mbili. Neville Chittick, aliyechimba Ghazali pamoja na Peter Shinnie mwaka 1953 na 1954, ndiye huyo huyo aliyekuja baadaye kuchimba Kilwa, kisha Manda katika visiwa vya Lamu. Taarifa ya Ghazali ilichapwa mwaka 1961, ya Kilwa mwaka 1974. Mikono iliyopima kuta za msikiti mkuu wa Kilwa ilikuwa imekwisha kupima kuta za kanisa la Makuria. Msomaji wa pwani ana haki ya kulijua hilo.

Soma kabla ya kusafiri, na ukifika tazama zaidi ya altare

Kuanzia mwaka 2012 wataalamu kutoka Poland, wakiongozwa na Artur Obłuski wa Chuo Kikuu cha Warsaw, walirudi Ghazali wakifanya kazi na idara ya mambo ya kale ya Sudan. Wametupa picha ya nyumba nzima, si ya kanisa peke yake. Usiende bila kujua walichokipata, maana utatembea nusu saa, utapiga picha tatu za nguzo, na utarudi ukisema ni magofu tu.

Ingia kwanza kanisani. Limegawanywa njia tatu, ya kati ikiwa pana, na mashariki ndiko wote walikoelekea wakati wa sala. Upande wa kusini kuna kanisa jingine, dogo. Kisha toka. Watu wengi wanaishia hapo na wanakosea, kwa sababu watawa hawakuishi kwa sala tupu. Tafuta chumba cha kulia. Tafuta mahali pa kusagia. Hesabu ni watu wangapi walihitaji kulishwa katika bonde ambalo leo mbuzi wanahangaika kupata jani, na ujiulize nafaka ilitoka wapi, nani aliilima, nani aliibeba.

Tafuta vyoo. Usicheke, na kama wewe ni mwongozaji usiwaruhusu wageni wako wacheke. Ghazali ina safu ya vyoo vilivyojengwa kwa mpango, na safu hiyo inakwambia jambo ambalo altare haiwezi kukwambia: kwamba hapa waliishi watu wengi kwa pamoja, kwa ratiba moja, na kwamba mjenzi wao alifikiria afya yao. Mimi nikisoma habari za nyumba hii, hapo ndipo ninapowaona watawa wakiwa watu. Mtakatifu kwenye mchoro ana duara la mwanga kichwani. Mtu aliyepanga foleni alfajiri kwenye baridi ya jangwa ni ndugu yangu.

Usifukue wala kupiga picha mifupa

Makaburi ya Ghazali ni mengi, na yamefundisha mengi kwa sababu yalichimbwa na watu waliojua wanachofanya. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mwanamume mmoja aliyezikwa pale, aliyefariki akiwa na umri wa kati ya miaka 35 na 50, ana tatuu kwenye mguu wa kulia. Ni alama ya jina la Kristo kwa herufi za Kigiriki, pamoja na alfa na omega. Ngozi yake ilikuwa imehifadhika kwa ukavu wa jangwa, na alama ikaonekana kwa kamera zinazoona zaidi ya jicho la mtu. Vipimo vinaonyesha aliishi kati ya mwaka 667 na 774.

Mguu huo umesambaa mitandaoni, na nimeona watu wakiutumia kubishana kama tatuu ni dhambi. Acheni. Yule ni marehemu. Ana jina ambalo Mungu wake analijua, alizikwa na watu waliomlilia, na kama unavyotaka kaburi la mama yako liheshimiwe, liheshimu la kwake. Usimwite mtawa kwa sababu tu alizikwa karibu na monasteri, usimwite mfiadini kwa sababu inanoga mimbarini. Sema kinachojulikana: alikuwa Mkristo, na alitaka alama ya imani yake isifutike. Imedumu miaka zaidi ya 1,200.

Mchungaji, padre, katekista: semeni kweli

Msiseme tena kwamba Ukristo uliletwa Afrika na meli za Wazungu. Falme za Nubia, yaani Nobadia, Makuria na Alodia, zilipokea imani hiyo katika karne ya 6. Vasco da Gama alipotia nanga kwenye pwani yetu mwaka 1498, Ghazali ilikuwa imekwisha kujengwa, kukua, kuzeeka na kuhamwa. Watoto wa kipaimara wanapaswa kulijua hilo kabla hawajajua majina ya wamisionari.

Lakini pia msivuke mpaka. Hakuna ushahidi kwamba watawa wa Nubia walifika Kilwa, Buganda au Rwanda. Msiwabatize mababu zetu kwa nguvu ili mpate historia ndefu. Nubia ilikuwa Nubia. Ukweli wake unatosha.

Na msiyatumie magofu haya kuchochea chuki dhidi ya Waislamu. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo, na yanatia aibu kwa sababu hata tarehe yanazikosea. Makuria na watawala Waarabu wa Misri walifikia mapatano yaliyoitwa Bakti mnamo mwaka 652. Monasteri ya Ghazali ilianza baada ya mapatano hayo, si kabla yake, na ikaishi karne nyingi jirani na dola ya Kiislamu. Mabadiliko yalikuja polepole. Huko Dongola ya Kale, mji mkuu wa Makuria, ukumbi wa kifalme ulifanywa msikiti mwaka 1317, na jengo hilo limesimama hadi leo kwa sababu Waislamu walilitumia na kulitunza. Wanaoitunza Ghazali vilevile ni Wasudani Waislamu. Ukifika, wasalimie kwanza, lipa ada inayotakiwa, andika jina lako kwenye kitabu cha wageni na si ukutani.

Usinunue

Kikombe, msalaba wa shaba, kipande cha mchoro, ukurasa wa ngozi: vikitolewa kwako kwa siri Dubai, Nairobi, London au kwenye simu yako, jibu ni hapana. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unakataza biashara hiyo, na sheria za nchi zetu zinaikataza pia. Usinunue hata kwa nia ya kuokoa. Fedha yako ndiyo inayolipa shimo la kesho.

Fanya hili moja

Huenda hutafika Ghazali kamwe. Lakini kama nyumbani kwako kuna kigae, ushanga, sarafu au jiwe ulilookota Kilwa, Gedi, Kaole, Engaruka au kokote kwenye mahame, hata kama ilikuwa safari ya shule ukiwa darasa la sita, kifunge kwenye karatasi safi. Andika mahali ulipokiokota, mwaka, na jambo lolote unalolikumbuka: kilikuwa karibu na mlango, kando ya kisima, chini ya mbuyu. Usikirudishe mwenyewe na kukitupa pale, maana kitalala mahali pasipo pake na kumdanganya atakayekichimba. Kipeleke kwenye ofisi ya mambo ya kale au makumbusho yaliyo karibu nawe, mkabidhi mtumishi mkononi, mwambie kilikotoka. Hukumbuki lini? Mwambie hivyo hivyo. Nenda wiki hii.